Wauza Jumla Wakiungana, Mchuuzi Mdogo Afanyeje?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Makwasinyi



Mei Mosi ikikaribia twachanga fedha za fulana zenye jina la chama. Fulana hizo hazitoki kiwandani zikiwa na jina letu. Kiwanda hushona fulana tupu, muuza jumla huziweka ghalani, na mwenye duka dogo huzinunua kwake, huzipiga chapa, ndipo hutuuzia sisi. Leo twataka kusema habari za huyu wa mwisho, maana shida yake inafanana na yetu.

Huko Marekani biashara hii ni kubwa mno. Mwaka 2024 kampuni ya S&S Activewear iliinunua alphabroder, nazo zote mbili zilikuwa miongoni mwa wauza jumla wakubwa wa fulana tupu. Mwaka 2025 Gildan ya Kanada, yenye viwanda vya fulana, ikapatana kuinunua Hanesbrands. Mchuuzi aliyekuwa na milango miwili ya kubisha alibaki na mmoja. Huko ni mbali, lakini mwendo wa jambo hili ni ule ule popote.

Sisi watu wa reli hatuogopi neno muungano. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika, ikawa East African Railways and Harbours mpaka ilipovunjika mwaka 1977. Kwa hiyo hatusemi kila muungano ni mbaya. Ghala likiwa kubwa, mchuuzi aweza kupata mzigo wake wote mahali pamoja, na lori moja likamletea. Hilo ni jema.

Lakini tazameni upande wa pili. Kwanza ni bei. Zamani mchuuzi aliweza kusema, "Ukinipandishia, nakwenda kwa mwenzako." Sasa mwenzake ndiye yeye. Pili ni mkopo. Tuseme alikopeshwa fulana 100 kwa huyu na 100 kwa yule. Wakiwa kitu kimoja, aweza kuambiwa kuwa mwisho wake ni 100 tu. Tatu, kampuni mpya haina haja ya kuweka aina mbili zinazofanana. Huacha moja, na labda ndiyo ile aliyowaahidi wateja wake. Faida ikipungua, wa kwanza kupunguziwa mshahara ni kijana anayepiga chapa. Hapo jambo limekuwa letu, ndugu zangu.

Wazee husema tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sisi tunaolinda mahindi usiku twajua kuwa hata wakitembea pamoja kwa amani, shamba haliponi.

Dawa iko. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 yataka Mamlaka ya Ushindani, inapopima muungano wa makampuni, itazame pia kazi za watu na nafasi ya biashara ndogo. Yaweza kukubali kwa masharti. Basi wachuuzi wapeleke maneno yao mapema, kabla mambo hayajakwisha, na wayapeleke pamoja. Tena wanunue pamoja. Maduka matano yakiagiza fulana 40 kila moja, kila moja ni mdogo. Yakiagiza 200 kwa barua moja, muuza jumla atasikiliza.

Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Twaleta shauri hili kwa tawi: fulana za Mei Mosi ziagizwe mwezi wa Februari, na nusu ya fedha itolewe siku ile ile kama arbuni, ili mwenye duka asitegemee mkopo wa mtu mmoja.

Wakubwa wameungana ili wawe na nguvu ya kutaja bei. Wadogo nao waungane ili wawe na nguvu ya kujibu. Somo hilo chama chetu kinalijua.