Madaftari ya Shule na Habari za Elimu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mogitu)



Kamati imenitaka niseme maneno machache juu ya historia ya elimu, yaani jinsi wataalamu walivyoichunguza na wanavyozidi kujadiliana juu yake. Nalikubali upesi, kisha nikajuta, maana mimi si mtaalamu. Mimi ni karani, na masomo yangu yaliishia sekondari ya misheni. Lakini nilipofikiri zaidi naliona ya kuwa jambo hili latuhusu sisi makarani kuliko watu wengi, na ili nieleze sababu yake sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Katika mwaka wa kwanza wa kazi nalipangiwa ofisi moja ambayo siitaji jina, wala haikuwa ya hapa. Mkubwa wangu akaniamuru nisafishe ghala la nyuma. Mlikuwamo majembe mabovu, baiskeli isiyo na magurudumu, na masanduku mawili ya makaratasi yaliyoanza kuliwa na mchwa. Nikafungua moja, nikakuta vitabu vya kuandikishia wanafunzi wa shule iliyokwisha kufungwa, vya miaka ya 1960. Nikasoma majina mawili matatu, nikaucheka mwandiko wa mwalimu, kisha nikavichoma vyote. Kazi ile ilinichukua muda wa saa moja, nami nikasifiwa kwa usafi.

Miezi minne baadaye akaja mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa Serikali. Katika jalada lake palikuwa na miaka miwili ya kuzaliwa, 1954 na 1957, kwa kuwa wakati wa kuajiriwa mtu mmoja aliandika hivi, na mwingine akaandika vile. Ofisi ikaushika ule wa 1954. Na kwa kuwa mtumishi hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, yule mzee alikuwa amepoteza miaka mitatu ya mshahara. Naye alikumbuka vema ya kuwa siku aliyopelekwa shuleni, mwalimu alimwuliza baba yake habari za umri wa mtoto, wakahesabu pamoja misimu ya mvua na ya ukame, na mwalimu akaandika mwaka. Akaniomba nimtafutie kitabu kile. Nalikwenda ghalani, nikasimama mbele ya rafu tupu kwa kitambo kama mtu anayetafuta, kisha nikarudi nikamwambia, "Mzee, hakipo." Sikumwambia kwa nini hakipo. Ninawaambieni ninyi leo.

Tangu mwaka 2002 nchi yetu ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka, isiyoruhusu karatasi za Serikali kuharibiwa kwa amri ya mtu yeyote tu ofisini. Mimi sikuijua. Lakini nadhani hata kama ningaliijua, ningaliona kuwa ni sheria ya makaratasi makubwa, mikataba na hukumu, wala si ya majina ya watoto wa darasa la kwanza.

Baada ya jambo lile nikaanza kusoma vitabu vya habari za elimu, kwanza kwa majuto, baadaye kwa kupenda. Nililoliona mapema ni kwamba habari hizi ziliandikwa kwanza na watu waliokuwa wakitoa taarifa za kazi yao wenyewe. Shule ya Tanga ilianza mwaka 1892 chini ya Wajerumani, na shabaha yake haikufichwa: walitakiwa makarani, wakalimani na maakida wawezao kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Basi sisi tulioketi hapa, tukitafuta babu yetu, tutamkuta kwenye benchi la Tanga. Wakaja Waingereza, Idara ya Elimu ikaundwa mwaka 1920 chini ya Bwana Rivers-Smith. Mwaka 1924 ikapita tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dakta Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ikatangaza siasa yake ya elimu kwa nchi zake za Afrika, ikisema mafundisho yapatane na hali, kazi na mila za watu.

Maneno hayo ni mazuri. Lakini mila hizo zilikuwa zikijulikana na nani? Kule Malangali, katika nyanda za juu za kusini, Bwana Mumford alifungua shule mwaka 1928, akataka wavulana wavae mavazi ya kwao, wajifunze kutupa mkuki, na wazee waje kuwafundisha desturi. Wataalamu wamebishana sana juu ya shule hiyo. Wengine huona kwamba Mwafrika alipewa heshima yake. Wengine huona kwamba alifungwa kamba ya mila asije akadai cheo cha Mzungu. Mimi nadhani mambo yote mawili yaweza kuwa kweli katika shule moja, tena katika siku moja.

Walikuwako pia waliokaa na watu na kusikiliza. Mchungaji Bruno Gutmann aliandika mafundisho ya vijana wa Kichaga katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Otto Raum, aliyezaliwa huko huko Uchagani, mwana wa mmisionari, akatoa mwaka 1940 kitabu kizima juu ya malezi ya mtoto wa Kichaga, akionyesha ya kuwa ile ni elimu iliyo kamili: ina walimu wake, mazoezi yake, adhabu zake na hata michezo yake. Kitabu hicho nakipenda kwa sababu hakina haraka. Mtoto anacheza na mwandishi anamtazama.

Na sisi wenyewe je? Hapa sina budi kumtaja Martin Kayamba, ambaye kila mwanachama yampasa amjue. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani, na mwaka 1922 akaanzisha pale Tanga chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, kilichokuwa mzazi wa vyama vya namna hii yetu. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Na habari za maisha yake, za shule na za kazi, aliziandika mwenyewe, zikatoka mwaka 1936 katika kitabu cha maisha ya Waafrika kumi kilichotengenezwa na Bibi Margery Perham. Tazameni jambo hilo: karani aliandika maisha yake, na leo hakuna mtaalamu wa elimu ya Tanganyika awezaye kumpita bila kumsalimu.

Uhuru ulipokuja, mazungumzo yakageuka. Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na kwa miaka michache idara yake ya historia ikasikika duniani. Terence Ranger aliandika mwaka 1965 juu ya Waafrika waliojitahidi kuzishika shule mikononi mwao tangu 1900 hata 1939, hivyo swali likawa si tena "walipewa nini?" bali "walidai nini?" Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, akakumbusha kwamba kutokuwapo kwa shule zamani hakukuwa kutokuwapo kwa elimu. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha hapo hapo chuoni, alitoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika, na shule za kikoloni akazihukumu bila huruma. Sisi makarani tumo humo, wala si kwa sifa. Mwaka mmoja baadaye John Iliffe akakusanya maisha ya Watanzania mbalimbali, mengi yakiwa yameandikwa na wanafunzi wake waliokwenda kuwahoji watu, na ya Kayamba akayaandika mwenyewe. Kisha Bibi Marjorie Mbilinyi akauliza swali ambalo wengi walilipita: wasichana walikuwa wapi katika hesabu hizo zote?

Nasema haya si kwa kujionyesha nimesoma. Nataka mwone ya kuwa wataalamu hawa, wapatanao na wasiopatana, wote hutegemea vitu viwili: karatasi alizoacha karani au mwalimu fulani, na maneno ya mzee fulani. Vikikosekana vyote viwili mahali pamoja, mahali pale hapana historia, hata kama watu walisoma sana. Na hapa kwetu, chini ya mlima Hanang, twakaribia hali hiyo. Kwanza, karatasi za zamani huwataja Wabarabaig kwa jina la Wamang'ati, ambalo asili yake ni neno la Kimasai lenye maana ya adui. Hata mtoto wa hapa akienda kwenye nyaraka kutafuta habari za babu yake, itampasa amtafute kwa jina la matusi. Pili, wazee wanatutoka. Tatu, siku ile ya tarehe 3 Desemba 2023, mlima ulipomomonyoka na tope likaingia Katesh, tuliomboleza watu, kama ilivyotupasa. Lakini pamoja na nyumba zilizofukiwa zilikwenda pia karatasi nyingi za watu ambazo hapana atakayeziandika tena.

Mwaka jana mwalimu mkuu wa shule moja ya wilaya yetu alinionyesha sanduku la bati lenye madaftari matatu ya mahudhurio. Katika daftari la mwaka 1966, darasa la tatu, niliona jina la mzee ninayemfahamu, Mbarabaig, ambaye siku zote akiulizwa hujibu, "Mimi sikusoma." Kuanzia Januari hadi Julai alikuwapo karibu kila siku. Kuanzia Agosti hadi Novemba alama zake ni za wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika neno moja tu: mtoro.

Nikamwendea mzee nyumbani kwake. Sikumwuliza alisoma shule gani. Nalimwuliza mwaka ule wa kiangazi alikuwa wapi, na nani alikuwa akimfundisha. Akacheka, akavuta kigoda. Kaka yake aliugua, akasema, na ng'ombe walipaswa kupelekwa upande wa ziwa Balangida kwenye chumvi na maji. Akaenda yeye na baba yake mdogo. Kwa miezi ile minne alijifunza kuchimba kisima cha mchanga kisiporomoke, kumjua ng'ombe kwa alama ya kwato zake, na tena, jambo aliloliona gumu kuliko hesabu za shule, kukumbuka ni ng'ombe yupi ameazimwa kwa nani, na ndama wake atarudi kwa nani. Njiani alisikia habari ya mwanamume aliyetozwa ng'ombe na baraza la wanawake kwa kumkosea mkewe. Baraza hilo si hadithi. George Klima, Mmarekani, alilieleza katika kitabu chake cha 1970 juu ya Wabarabaig. Lakini mzee hakulijua kwa Klima.

Nikamwonyesha ile alama nyekundu. Akaitazama sana. "Mwalimu alisema kweli," akasema, "sikuwapo. Ila hakuniuliza nilikotoka."

Nilidhani ataishia hapo, nami nikajiandaa kuja kwenu na hotuba ya kuilaumu shule. Lakini mzee aliendelea. Alisema hakurudi darasani tena, na katika miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano yalipoanzishwa Hanang kwa msaada wa Kanada, yakachukua malisho yao. Shauri la ardhi ile lilifika hata Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na wanakijiji wakashindwa. Karatasi zilikuja, akasema, na katika ukoo wake hapakuwa na mtu wa kuzisoma. "Miezi ile sikuipoteza," akaniambia, "lakini ningalirudi."

Bwana Mwenyekiti, sijapata kitabu kinachosema mambo haya mawili kwa pamoja kama alivyoyasema mzee huyu. Anayesoma daftari peke yake ataandika kuwa Wabarabaig walikuwa wazito wa elimu. Anayemsikiliza mzee peke yake ataandika kuwa hawakuihitaji shule. Na mimi ningalikuwa na madaftari yale mengine, ya masanduku mawili, leo ningalikuwa na mamia ya alama nyekundu za kuulizia.

Nimeongea na Kamati, nayo imekubali kununua kabati moja la chuma lenye kufuli. Si letu kuyamiliki madaftari ya shule. Tutayaandika katika orodha, jina la shule na miaka yake, na nakala ya orodha ipelekwe kwa wanaohusika na nyaraka za Taifa. Kila mwanachama mwenye mzee nyumbani anaombwa aandike kurasa mbili, kwa Kiswahili, au kwa Kiiraqw au Kibarabaig kama mzee hasemi Kiswahili, na asimsahihishe. Wanawake wasisahauliwe, maana katika daftari la 1966 nimehesabu wasichana saba, na kati yao nimepata habari za wawili tu.

Yule tarishi bado yu hai. Nimepata anwani yake, nami nitamwendea mwezi ujao niseme kile nisichokisema.

Madaftari matatu nimeazimwa hadi Jumatatu. Yamo katika sanduku la bati pale mezani. Atakayetaka kuyatazama baada ya chai tafadhali anawe mikono kwanza, na aikaushe.