Wafaransa Wasiokuwa Wafaransa



Ijumaa iliyopita nilikuwa kwetu Chwaka. Baada ya sala ya alasiri nilikaa na wazee karibu na diko, tukingoja madau yaingie. Habari ya baraza siku hiyo ilikuwa moja tu: jokofu. Kijiji kimeahidiwa msaada wa jokofu kubwa la kuhifadhia samaki, na inatakiwa kamati ya watu wanane wa kulisimamia. Kijana mmoja akatoa shauri lake: wanne watoke chama hiki, wanne chama kile, na yeyote atakayehama chama aache kiti chake siku hiyo hiyo. Wote wakasema naam. Mimi nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini, mwanangu?" akaniuliza mzee mmoja.

Nikamwambia kwamba sharti hilo limeshawahi kuwekwa, tena si kwa jokofu, bali kwa mashamba na vyeo vya nchi nzima, na likamwaga damu. Ilikuwa Buganda, zama za Kabaka Mwanga. Waliopigana walikuwa Wakristo kwa Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti.

"Kumbe na wao wamo?" akasema mzee. Wamo, baba.

Msikilizaji, wamisionari wa Kiingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Mapadri wa Kifaransa wakafuata mwezi wa Februari 1879. Wote walipitia hapa Unguja, wakachukua wapagazi na vitambaa, wakavuka kwenda bara. Mutesa alikuwa akijua Kiswahili, na Uislamu ulikwisha kufika kwake kabla yao kwa njia ya wafanyabiashara wetu. Basi alikuwa na dini tatu uani kwake, na wazungu wawili, Mackay wa Waprotestanti na Padri Lourdel wa Wakatoliki, wakibishana mbele yake. Vijana wa ikulu wakafuata huyu au yule. Waliofuata mapadri wakaitwa Wafaransa, na waliofuata wengine wakaitwa Waingereza. Waganda watupu, ndugu yangu! Wengi wao Ufaransa hawakuijua iko upande gani wa bahari.

Mutesa akafa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga, kijana wa miaka kumi na kitu. Huyu aliwaua wasomaji hao, maana ndivyo walivyoitwa, wasomaji, kwa neno la Kiswahili chetu. Tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa moto pamoja pale Namugongo. Katika mashahidi wanaokumbukwa kwa miaka ile, Wakatoliki ni 22 na Waprotestanti ni 23. Kuni hazikuuliza mtu ni wa dhehebu gani.

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishikana wakampindua Mwanga. Haikupita hata miezi miwili, Waislamu wakawafukuza Wakristo. Uhamishoni Wakatoliki na Waprotestanti wakawa kitu kimoja. Aliyewasaidia kwa bunduki ni Charles Stokes, aliyewahi kuwa mmisionari kisha akageuka mfanyabiashara wa pembe na silaha (riziki mafungu saba). Wakarudi na Mwanga yule yule aliyekuwa akiwachoma, na mwanzoni mwa 1890 wakaishika nchi.

Hapo ndipo yalipoharibika. Ushindi uliwapa vyeo, na katika Buganda cheo kilikuwa na ardhi yake na watu wake. Wakagawana: huyu Mkatoliki, chini yake Mprotestanti, na chini yake tena Mkatoliki, kama matofali. Kisha wakatia sharti kwamba mwenye cheo akibadili dhehebu, cheo kinampotea na shamba linabaki kwa wenzake. Waprotestanti ndio waliong'ang'ania zaidi, maana Kabaka alikuwa ameelekea kwa Wakatoliki, na mfalme akielekea mahali, watu humfuata. Angalia, basi, imani ya mtu ilivyogeuzwa hati ya shamba. Aliyetaka kuhama kanisa alilazimika kwanza kumtazama mkewe na kuhesabu migomba yake.

Desemba 1890 akaja Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza, na Maxim yake. Januari 1892 Mprotestanti mmoja akauawa katika ugomvi wa bunduki. Kabaka akahukumu kwamba aliyeua hana hatia. Lugard akataka auawe, akakataliwa, naye akawagawia Waprotestanti silaha. Tarehe 24 Januari vita vikapiganwa pale Mengo. Wakatoliki wakashindwa, Mwanga akakimbilia kisiwani, kisha kusini, hata akaingia upande wa Wajerumani. Waliosalia wakajazana Buddu, na hadi leo ukienda Masaka utaona Ukatoliki ulivyosimama.

Sasa nani aliyetumwa kwenda kupatanisha? Ni mtu aliyetoka hapa hapa Mjini Unguja: Sir Gerald Portal, Balozi Mkuu wa Uingereza, yule aliyemnyang'anya Sultani hazina yake mwaka 1891 na kumweka Lloyd Mathews kuwa Waziri wa Kwanza. Aliondoka mwanzoni mwa 1893. Yuko huko, Sultani Ali bin Said akafariki huku. Mwezi wa Aprili Portal akawaweka pamoja maaskofu wawili, Tucker na Hirth, wakatia saini. Makatikiro wakawa wawili. Wakuu wa jeshi wawili. Hata mkuu wa mitumbwi ya ziwani wakawa wawili, kila dhehebu na wake. Wavuvi wa Chwaka waliposikia hilo la mitumbwi walicheka mpaka wakakohoa.

Bunduki zilinyamaza, sikatai. Sisi wenyewe mwaka 2010 tulipiga kura ya maoni tukakubali vyama vigawane serikali, na waliozika watu Januari 2001 wanajua kwa nini. Lakini Buganda mgao uliotibu jeraha ukageuka kuwa ngazi ya kupandia. Kiti kikuu cha Katikiro kikaishia mikononi mwa Waprotestanti, Apolo Kagwa akakikalia mpaka 1926, na Wakatoliki wakaihesabu kila mwaka dhuluma hiyo. Chama cha DP kilipoanzishwa mwaka 1954, watu walisema herufi hizo maana yake ni Dini ya Papa.

Na tazama hapa Mjini. Mkunazini kuna kanisa la Waanglikana, na hatua chache tu kutoka hapo iko Minara Miwili ya Wakatoliki. Waliokuja ni Waingereza na Wafaransa wale wale, wa miaka ile ile, na hatujasikia waumini wao kupigana risasi. Mimi naona sababu ni nyepesi: kwa Sultani hapakuwa na cheo cha kugombewa na Mkatoliki wala Mprotestanti.

Kijana wa jokofu alinisikiliza kimya, kisha akauliza, sasa kamati tuichague vipi? Nikamwambia awatafute wanaojua bei ya samaki na wasiokula fedha za watu, na mtu akihama chama abaki na ufunguo wake. Hakuridhika. Mkutano wao ni Jumapili.

Mzee yeye alitaka kujua mwisho wa mfalme. Nikamweleza kwamba Mwanga aliasi mwaka 1897, akakamatwa 1899, akapelekwa Shelisheli. Huko wakambatiza Waprotestanti, wakamwita Danieli, na huko akafa mwaka 1903.

Mzee akatikisa kichwa, akatazama madau yanavyoingia. "Basi," akasema, "mwishowe naye akawa Mwingereza."