Inflamesheni, Joto na Mapigo ya Moyo wa Mtoto Baada ya Upasuaji

JET (junctional ectopic tachycardia) ni mapigo ya kasi yanayoanzia kwenye fundo la AV au fungu la His. Humpata zaidi mtoto mdogo aliyezibwa tundu kati ya ventrikali au kurekebishiwa kasoro ya Fallot, aghalabu ndani ya siku tatu za mwanzo. Moyo ukifika mapigo 200 kwa dakika, ventrikali hazipati muda wa kujaa. Atria nazo hujikamua valvu zikiwa zimefungwa, na mchoro wa shinikizo la vena kuu huruka juu. Muuguzi mzoefu huuona mruko huo kwenye monita kabla ECG kamili haijapigwa.

Maelezo yanayopendwa ya chanzo cha JET ni inflamesheni. Damu ikipita kwenye mipira ya mashine ya moyo na mapafu, komplementi, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, huamka. Kirklin na wenzake kule Alabama walilionyesha hilo mwaka 1983, na hakuna anayebisha. Kasoro iko kwenye hatua inayofuata: eti steroidi ikituliza inflamesheni, mapigo nayo yatatulia. Mashine huamsha kinga ya kila mtoto, ilhali JET humpata mmoja mmoja, hasa aliyekatwa au kuvutwa misuli jirani na fungu la His na kuongezewa dopamini. Ni kweli kwamba huyo ndiye aliyekaa pia muda mrefu kwenye mashine, kwa hiyo inflamesheni haiwezi kuachiwa huru kabisa.

Jaribio la STRESS la mwaka 2022 linastahili kusomwa mstari kwa mstari. Katika hospitali 24 za Marekani, matokeo ya watoto 1,200 wa chini ya mwaka mmoja yalichambuliwa. Takriban nusu walitiliwa methiliprednisoloni, miligramu 30 kwa kilo, ndani ya mashine. Wengine walipewa dawa bandia. Vifo, madhara makubwa na siku za kulazwa vilipimwa kwa pamoja, na tofauti haikuthibitika. Watetezi wa steroidi husema namba ziliegemea kidogo upande wao, na ni kweli. Lakini asilimia 19.0 ya waliopewa dawa walihitaji insulini kwa sukari kupanda, dhidi ya 6.7. Jaribio halikulenga JET peke yake; hata hivyo, anayeahidi kuituliza kwa steroidi hapati tegemeo humo.

Mchango wa inflamesheni unaoshikika ni homa. Mwandishi wa mhadhara huu amewahi kukuta blanketi la kupasha joto likiendelea kuwaka juu ya mtoto mwenye mapigo 210, huku madaktari wakijadili saitokini. Kinachotangulia ni kuzima blanketi, kumpoza mtoto hadi nyuzi 34 au 35, kumtuliza asitetemeke, kupunguza adrenalini na kurekebisha magnesiamu; amiodaroni hufuata. Kisha atria huendeshwa kwa nyaya za muda, kwa kasi inayopita kidogo ile ya JET, ili zipige kwa mpangilio na ventrikali. Kwa mapigo 210 njia hiyo haina nafasi. Kwa 150 inawezekana, na aghalabu baridi ndiyo iliyoyashusha.