Mlango wa Bafu na Ukuta Wake



Mabafu yetu mengi ni madogo, na milango yake hufunguka kwa ndani. Mzee akiteleza akaangukia nyuma ya mlango, mwili wake ndio unaouzuia. Walio nje wanasukuma, naye ndani anaumia. Ndiyo maana wapo wajenzi wanaoutaka mlango wa kusukuma kando, ule unaoingia ndani ya ukuta. Ni fikra njema. Lakini mlango hununuliwa kwa siku moja. Ukuta wake utaishi nao miaka.

Tuanze na nyumba za kale, kama zile za Pangani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine unene wake unafika nusu mita, nazo ndizo zinazobeba boriti za juu. Ukuta wa namna hiyo usiutoboe ili kuuficha mlango. Utundike mlango kwenye reli nje ya ukuta, utelezee hapo.

Na lipu yake? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa kitu chochote. Mawe ya matumbawe hunyonya maji, tena yana chumvi ya bahari. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Chumvi huganda nyuma ya lipu, ikaisukuma mpaka ikabanduka mapande mapande. Rudisha chokaa palipokuwa na chokaa. Nenda Tongoni, kusini mwa Tanga, ukaone: magofu yale ni kazi ya mawe na chokaa, ya karne nyingi kabla ya kiwanda cha saruji cha Pongwe, na baadhi ya kuta bado zimesimama.

Kwa nyumba mpya ya tofali mambo ni tofauti. Fremu yenye uwazi wa kuingilia mlango isimamishwe kabla ya lipu, ipimwe kwa pima maji. Mabomba na nyaya za umeme visipite katika uwazi huo. Pale fremu inapokutana na tofali, funika kwa wavu wa waya ndipo upige lipu, maana vitu hivyo viwili havitanuki sawasawa na ufa utatokea hapo hapo. Lipu imwagiwe maji kwa siku 7. Upande wa bafuni usiweke jipsamu ya kawaida, kwani ikilowa hulainika. Bodi za saruji zinafaa zaidi. Skrubu ziwe fupi, kwa sababu moja ikichomoza ndani itaukwaruza mlango au kuukwamisha. Nayo sakafu iinamie kwenye tundu la maji, si kwenye uwazi wa mlango.

Liko jambo moja la mwisho, nalo husahaulika sana. Ubao unaofunika reli ufungwe kwa skrubu, usizikwe ndani ya lipu. Kabla hujamlipa fundi, muulize: gurudumu likitoka kwenye reli, tutalifikiaje? Akijibu kwamba tutavunja ukuta, msimamishe kwanza. Mlango uliowekwa kwa ajili ya kumwokoa mzee usije ukakwama siku mzee anapouhitaji.