Mbwa Haulizi Kadi ya Chama: Nilichowaambia Vijana wa Tarime na Serengeti



Najua mlitegemea nije na habari za kata na kura. Leo naongelea mbwa. Msicheke.

Kijijini kwetu mtoto wa jirani aling'atwa akichunga mbuzi. Zahanati, dozi hakuna. Wakaambiwa waende mbali, na huko sindano ni za kununua. Baba yake akauza mbuzi wawili, nauli ikala nusu. Sindano ya kwanza akachomwa, za kufuatia pesa imeisha. Tukachangishana sisi vijana hadi akamaliza. Mtoto yupo hai. Lakini jamani, uhai wa mtoto utegemee mchango wa kijiweni?

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na chanjo ya Louis Pasteur ilitumika kwa binadamu mwaka 1885! Huu si ugonjwa wa kukosa dawa, ni ugonjwa wa kukosa mpango.

Watafiti waliufuatilia hapa hapa Serengeti na kule Ngorongoro, matokeo yakatoka 2009: mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo tu. Maana yake unazuilika. Chanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, mnyororo unakatika. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mbwa wetu hufa mapema na wengine wanazaliwa kila siku. Ukiruka mwaka, umerudi nyuma. Na sisi wa Tarime tupo mpakani. Pale Sirari mbwa haonyeshi pasi.

Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivi ifikapo 2030. Basi tuwaulize madiwani, wa kwetu na wa wenzetu: chanjo ya mbwa imetengewa shilingi ngapi? Sindano za watu zipo zahanati ipi? Mbwa haulizi kadi ya chama kabla ya kung'ata.

Na sisi tuanze leo. Mtu aking'atwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyohiyo. Siyo kwa mganga, siyo kusubiri. Siku ya chanjo ikitangazwa, peleka mbwa wako, na wa bibi jirani asiye na wa kumpelekea.