Theluji, Hali ya Hewa na Maji ya Barafuto: Kutoka Aletsch hadi Kibo

Kila ukame unapolibana bonde la Pangani husikika maelezo yaleyale: barafu ya Kilimanjaro inaisha, ndiyo maana mito inakauka. Kwamba barafu inaisha ni kweli. Upimaji wa mwaka 1912 ulionyesha takribani kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 hazikubaki hata 2. Lakini kati ya barafu na mto kuna jambo ambalo maelezo hayo yanaliruka, nalo ni theluji na hewa iliyo juu yake. Nitaanzia Uswisi, ambako barafuto hulisha mito kwelikweli, kisha nipande Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Theluji inavyozuia maji

Aletsch ndiyo barafuto kubwa kuliko zote katika milima ya Alps, yenye urefu wa takribani kilomita 20. Maji yake hushuka kwa mto Massa na kuingia Rhône karibu na mji wa Brig. Wengi hudhani kwamba siku ya joto ndiyo siku ya maji mengi. Inategemea jua limekuta nini. Theluji mpya huakisi asilimia 80 hadi 90 ya mwanga. Barafu tupu iliyochafuka kwa vumbi huakisi 30 au 40 tu. Jua la saa ileile, basi, huipa barafu tupu joto mara tatu au zaidi ya lile linaloingia kwenye theluji. Ndiyo sababu theluji ya usiku mmoja mwezi Julai inaweza kuupunguza mto kwa siku kadhaa, hata kukikucha anga ni safi.

Theluji huchelewesha pia. Mwanzoni mwa majira ya joto maji ya kwanza hunywea ndani ya tabaka lake, na mengine huganda tena humohumo. Theluji ya chini ikishaisha, barafu hubaki wazi na maji huchimba njia zake chini ya barafuto. Hapo mto hujaa alasiri na kupungua alfajiri. Hata mvua haifanyi kazi moja: ikinyesha juu ya barafu tupu hufika mtoni baada ya saa chache, ikinyesha juu ya theluji nene yenye baridi sehemu yake hukwama.

Mwaka 2022 mambo haya yalikutana vibaya. Theluji ya kipupwe ilikuwa haba, mwezi Machi vumbi la Sahara likaifunika, halafu likaja joto kali. Barafuto za Uswisi zilipoteza takribani asilimia 6 ya ujazo wake kwa mwaka mmoja. Kwa mtu wa chini bondeni, mwaka wa namna hiyo unadanganya: vijito vinavyotegemea mvua vinanywea huku vile vya barafu vinajaa. Yale ni maji ya akiba ya miaka mingi, na barafuto ikishakuwa ndogo kupita kiasi hata joto kali halitayatoa tena.

Kibo

Juu ya Kibo hesabu hubadilika. Wastani wa joto kileleni ni takribani nyuzi 7 chini ya sifuri, hewa ni kavu na jua ni la tropiki. Barafu nyingi hapo huondoka kama mvuke bila kupitia hatua ya maji. Kazi hiyo ina gharama kubwa: kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji kilojuli 334, kuigeuza mvuke kunahitaji takribani 2,830. Mtungi wa udongo kwenye upepo mkavu hupoza maji kwa kanuni hiyohiyo, kwa kuwa unyevu unaotoka hubeba joto. Kwa hiyo hewa kavu huila barafu, na papo hapo huinyima joto la kuyeyuka.

Theluji ya masika na vuli huwa ngao. Ikikosekana, jua huishika barafu tupu. Na zile kuta zinazosimama wima kwenye kingo hazishiki theluji kabisa. Watafiti kama Georg Kaser na Thomas Mölg wameutilia mkazo ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambao Ziwa Viktoria nalo lilishuka. Mtafiti mwingine, Lonnie Thompson, huweka uzito zaidi kwenye joto, na mwaka 2000 timu yake ilikuta barafuto ya Furtwängler, iliyo hapo Kibo, imelowa maji ndani. Nionavyo mimi, ushahidi wa ukavu una nguvu zaidi kwa mwanzo wa kupungua, ingawa hautoshi kueleza hali ya leo.

Kwa upande wa mito, hata barafu yote ya Kibo ingeyeyuka ingekuwa kidogo mbele ya mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu. Huko ndiko zinakopata maji chemchemi na mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, ya Wachaga. Na weupe unaopigwa picha kutoka Moshi baada ya masika mara nyingi ni theluji ya msimu, itakayotoweka baada ya siku au wiki chache. Si barafuto iliyorudi.

Napendekeza mambo mawili. Taarifa za bonde zitenganishe siku za theluji kileleni, mvua ya msituni na kina cha mito, badala ya kuchanganya vyote chini ya neno "barafu". Na walimu wa jiografia wanaochora Kilimanjaro ubaoni waanzishe mshale mnene wa maji msituni. Ule wa kileleni uwe mwembamba, na kando yake wachore mwingine unaoelekea angani.