Thredi Usiyoijua, Ipime Kwanza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mafunzo ya jioni ya mafundi wa karakana)



Leo tunataka kusema juu ya thredi, yaani zile nyuzi zinazozunguka bolti na kuingia ndani ya nati. Huenda mwingine akasema kwamba jambo hili ni dogo. Lakini bolti iliyovunjika kwa sababu ya nati isiyo yake imewaumiza watu, na mashini iliyoharibika kwa thredi mbaya humletea fundi maneno mengi kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Tena fundi anayezijua thredi hawezi kuitwa msaidizi tu siku ya kupanga vyeo.

Shida yetu yatoka wapi? Mashini nyingi za zamani katika nchi hii zilitoka Uingereza, nazo zilipimwa kwa inchi. Lethi nyingi tunazofanyia kazi sasa hukata kwa milimita. Basi fundi huletewa bolti ya pampu au ya mashini ya kusaga posho, akaambiwa, "Tengeneza nyingine kama hii," wala hakuna anayejua ni ya aina gani.

Jambo la kwanza ni hili: usilazimishe nati. Ikiingia mizunguko miwili kisha ikakaza, hiyo si yake. Chukua bolti, ioshe kwa mafuta ya taa, isugue kwa brashi ya waya, kisha upime mambo matatu.

Pima kwanza unene wake wa nje. Kumbuka kwamba ncha za nyuzi huchakaa, kwa hiyo bolti ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, yaweza kuonyesha 12.6 au 12.5.

Pili, pima hatua, maana yake mwendo kutoka ncha ya uzi mmoja mpaka ncha ya uzi unaofuata. Usipime uzi mmoja. Pima hatua kumi pamoja, halafu gawanya kwa kumi. Tuseme umepata milimita 21.2, basi hatua ni 2.12. Sasa gawanya 25.4 kwa 2.12, utapata karibu 12. Hiyo ni thredi ya nyuzi 12 kwa inchi.

Tatu, tazama pembe ya nyuzi. Joseph Whitworth wa Uingereza alitoa mpango wake mwaka 1841, na pembe yake ni digrii 55. Thredi za Kimarekani na zile za milimita za siku hizi zina digrii 60. Weka geji juu ya nyuzi, uinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita ubavuni, hiyo siyo.

Angalieni jinsi mambo haya yanavyosaidiana. Bolti ya nusu inchi ikiwa na nyuzi 12 kwa inchi ni Whitworth, ikiwa na 13 ni ya Kimarekani ya nyuzi nene, ikiwa na 16 ni ya Kiingereza ya nyuzi nyembamba, na ikiwa na 20 ni ya Kimarekani ya nyuzi nyembamba. Hapo hesabu peke yake yatosha. Lakini bolti ya inchi tatu kwa nane ni mtego. Whitworth ina nyuzi 16, na ya Kimarekani nene pia ina 16. Nati ya moja yaweza kuingia katika nyingine, lakini haikai vizuri, nayo hushika kwa sehemu ndogo tu. Hapo pembe ndiyo shahidi.

Tazama pia inageukia upande gani. Thredi za chupa ya asetilini hugeuka kushoto kwa makusudi, ili mtu asiifunge mahali pa oksijeni. Usibadilishe kamwe.

Sasa tuje kwenye kukata. Tangu mapatano ya mwaka 1959 inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Ukizidisha 25.4 kwa tano utapata 127, na namba 127 haigawanyiki kwa namba nyingine. Ndiyo sababu lethi ya milimita yahitaji gia ya meno 127 ili ikate thredi za inchi sawasawa.

Tuseme skrubu ndefu ya lethi yako ina hatua ya milimita 6, na mwendo kutoka spindeli hadi gia ya kwanza ni mmoja kwa mmoja. Unataka nyuzi 12 kwa inchi. Gia zinazosukuma ziwe 127 na 20, na zinazosukumwa ziwe 120 na 60. Zidisha 127 kwa 20, gawanya kwa 120, gawanya tena kwa 60, kisha zidisha kwa 6. Utapata 2.1167, nayo ndiyo hatua yako. Kama gia ya 127 haipo, weka 40 na 40 zisukume, 63 na 72 zisukumwe. Makosa yake ni karibu milimita 0.003 tu kwa kila inchi, nayo hayadhuru bolti fupi.

Noa kisu kwa digrii 55. Pita mara ya kwanza kwa kukwaruza tu, simamisha mashini, uhesabu nyuzi. Zikiwa sawa, endelea kidogo kidogo mpaka kina cha milimita 1.36, ukijaribu nati yake.

Usifungue ile nati inayoshika skrubu ndefu mpaka kazi iishe, kwa sababu ukiifungua kisu hakitarudi katika njia yake. Toa kisu nje, simamisha, kisha rudisha mashini nyuma. Lakini jihadharini, ndugu! Kama chaki ya lethi imefungwa kwa thredi juu ya spindeli, kuigeuza nyuma ghafula kwaweza kuifungua ikaruka. Ngoja isimame kabisa, na usikae mbele yake.

Mwisho, twawaomba mambo mawili. Wawakilishi wetu waombe geji ya nyuzi na gia ya 127 pamoja na miwani na vifaa vingine vya kazi, maana mfanya kazi asilaumiwe kwa kazi asiyopewa kipimo chake. Na kila karakana iwe na daftari moja. Mkipata thredi ngeni, andikeni mashini, unene, hatua, pembe na gia mlizotumia. Mzee akistaafu, ujuzi wake ubaki kwa vijana wetu.